Sekunde Tatu za Kumshinda Mwalimu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Habari njema! Mkuu wa ofisi katangaza vita. Yeye kaiita "kuongeza kasi", lakini mimi nina masikio. Kompaila yetu, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine, inakwenda mwendo wa bibi harusi. Alhamisi anakuja mteja mkubwa, Fundi wa kiwanda cha mashine za kufulia, na mashine yake nzima, aone kazi kwa macho yake. Akiridhika, mkataba wa miaka mitatu. Asiporidhika, tabaka la chini linafungwa na sisi wawili tunahamishiwa kupokea simu za malalamiko.

Sisi wawili ni mimi na Mwalimu. Huyu mama alifundisha hesabu miaka kumi na mitano kabla ya kuja kwenye kompyuta. Mpaka leo anashika kalamu kama chaki na kunitazama kama mwanafunzi aliyekuja bila daftari.

Tabaka la chini ndiyo kazi yetu. Tunapokea amri zilizokwisha kutafsiriwa, tunazipanga katika sehemu zake: amri huku, maandishi kule, tarakimu zinazobadilika pembeni. Tunaandika daftari la alama, yaani jina la kila mahali na anwani yake. Tunagawa kumbukumbu. Kazi ya heshima! Hakuna anayeijua. Mama mkwe anaamini nauza redio.

Atakayeongeza kasi zaidi ndiye atakayesimama mbele ya Fundi, na ndiye atakayekuwa kiongozi wa tabaka. Nimemwambia mke wangu kwamba nimeshakuwa kiongozi. Akauliza, kiongozi wa watu wangapi? Nikamwambia, wa Mwalimu. Akasema hongera, nipitishie mkasi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mwalimu kapunguza sekunde moja. Kimya kimya, bila hata kukohoa! Ndiyo tabia yake.

Sikutetereka. Nilikaa na chai yangu, nikasoma msimbo wetu wote, yaani maandishi ya programu yetu, toka juu hadi chini, jambo ambalo sijawahi kulifanya na sijalipenda. Hapo ndipo nikaona. Kila faili likimalizika, tabaka letu linafuta daftari zima la alama, linarudisha kumbukumbu yote, halafu linaanza upya kama mtoto mchanga. Faili arobaini, kufuta mara arobaini! Nani kaweka usafi wote huu? Mwalimu, bila shaka. Mezani kwake hata kalamu zimepangwa kwa urefu wake.

Nikauondoa mstari unaofuta. Mmoja tu. Nikapima. Sekunde tatu zimekatika!

Nilipiga vigelegele chooni, kwa sauti ya chini.

Majaribio yote mia mbili yamepita. Ni kweli kwamba kila jaribio lina faili moja tu. Sikuona haja ya kulisema hilo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku tamu. Mkuu kaona sekunde zangu tatu, kanishika bega mbele ya watu. Bega la kushoto. Atakayesimama mbele ya Fundi ni mimi.

Mwalimu alikuja mezani kwangu akauliza nimefuta nini. Nikamjibu kwamba sijafuta, nimeongeza. Akauliza nimeongeza nini. Nikasema kasi. Akaomba aone. Nikamwambia ni siri ya kitaalamu. Akarudi kwenye kiti chake. Wivu! Nilimhurumia kidogo.

Jioni nikamweleza mke wangu ushindi wangu huku akikata kitambaa. Yeye ni fundi cherehani, vipimo vya wateja anaviandika ubaoni karibu na dirisha. Akauliza kwa nini nimeacha kufuta. Nikasema kufuta kunapoteza muda. Akasema hata yeye kuna siku aliona hivyo, akaacha vipimo vya mteja wa asubuhi ubaoni, na mchana bwana mmoja mrefu kama nguzo akakatiwa suruali ya mtoto wa darasa la kwanza.

Nilicheka sana. Maskini. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo ya vitambaa na mambo ya kompyuta hayana uhusiano. Kanipigia pasi shati jeupe. Nimelala kama mfalme.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Naandika nikiwa na kitambaa cha baridi kifuani. Nitaeleza kwa utaratibu.

Fundi wa kiwanda alifika saa nne. Mama mfupi, mikono ya shati imekunjwa hadi kiwiko, akisukuma mashine yake kwenye toroli bila kumruhusu mtu aishike. Tukaiunganisha na maji na umeme. Nikatoa hotuba. Nikaeleza kasi. Nikaipitisha programu yake kwenye kompaila mbele yake, na kweli ilikuwa tayari ndani ya mashine kabla hajakaa vizuri. Akasema tufue kitu. Nikampa koti la Mkuu. Mkuu hakuwa amelitoa, lakini nilimsaidia kulivua.

Fundi akabonyeza kitufe cha kujaza maji.

Maji hayakuja. Mashine ilinguruma, ikaanza kukamua, kwa kasi ya mwisho, na koti likiwa kavu. Ikatetemeka. Ikaruka. Kisha, naapa, ikatembea. Ilitoka kwenye toroli ikavuka chumba kuelekea mlangoni kama mtu aliyekasirika. Mimi ni kiongozi. Nikaizuia kwa kifua. Ikanisukuma mpaka kwenye kabati la faili na kunibana hapo.

"Zima!" akapiga kelele Mkuu.

"Nimebonyeza zima!" akajibu Fundi. "Haisikii!"

Mwalimu hakupiga kelele. Alitembea hadi ukutani, akachomoa waya.

Mashine ikasimama. Koti la Mkuu likaonekana kupitia kioo, limekuwa kamba.

Mwalimu akakaa kwenye kompyuta yangu, akafungua orodha ya alama, akashuka nayo kwa kalamu, alama moja baada ya nyingine, kama anayesahihisha mtihani. Kalamu ikasimama.

"Njoo uone," akaniambia. "Kuna faili la kukamua na kuna faili la maji. Kila moja lina mahali panapoitwa 'anza', na kila 'anza' ina anwani yake. Humu unaona 'anza' ngapi?"

Nikasema moja.

"Moja. Ya kukamua, kwa sababu ndilo faili lililotangulia na jina lake halikufutwa. Faili la maji lilipouliza 'anza' yangu iko wapi, likaonyeshwa ya jirani. Na 'zima' hivyo hivyo. Ule mstari wa kufuta uko wapi, ndugu yangu?"

Nikasema huenda umepotea.

Akaurudisha, akaitengeneza programu upya. Kasi ikashuka, sekunde zangu tatu zote zikarudi zilikotoka, nikiziona. Fundi akachomeka waya, akabonyeza tena. Maji yakaja taratibu, mashine ikakaa palepale, ikafua koti kwa adabu.

Mkuu alikuwa na rangi ya karatasi. Lakini Mwalimu akamgeukia Fundi, akasema, "Tumekosea. Tulitaka haraka tukaacha usafi. Sasa umeona kosa na umeona tulivyolipata."

Fundi alikuwa amekaa kwenye toroli, anafuta machozi. Nilidhani analia. Kumbe kacheka mpaka ameishiwa pumzi. Akasema miaka ishirini anahangaika na mashine zinazofanya vituko, na kila anayemuuliza humjibu kwamba tatizo ni umeme. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu kumwonyesha jina la kosa na mahali linapokaa, ndani ya dakika kumi. Mkataba kausaini juu ya mashine.

Tumekosea! Sisi! Mwalimu kasema hivyo mwenyewe. Nimeguswa moyoni. Nimekubali kugawana naye lawama, nusu kwa nusu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mwalimu ndiye kiongozi wa tabaka. Amri yake ya kwanza: niandike majaribio mia moja, kila moja lenye mafaili mawili au zaidi, na kila faili liwe na 'anza'. Nimeandika sita. Yanatuliza akili, kama kumenya viazi.

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja mbele ya Fundi. Akasema darasani kwake mtoto akikosea hakuitwa mbele, aliitwa pembeni. Kisha akaniita pembeni, na pale pembeni tulikaa saa nzima. Alimaliza kwa kunimiminia chai. Si mtu mbaya. Nimemlainisha.

Mke wangu aliposikia ya mashine aliweka sindano chini kwa usalama, akacheka hadi jirani akagonga ukuta. Mkuu kaninunulia mafuta ya kuchua kifua. Kwa ujumla, wiki nzuri.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimeamka na furaha. Ofisi nzima sasa inaniita Mzee wa Mbio. Nadhani ni kwa heshima.

Na nimegundua jambo! Kila sehemu ya programu inataka kuanzia anwani inayogawanyika kwa kumi na sita. Amri zikiishia katikati, panabaki nafasi kabla ya tarakimu kuanza. Katika programu mpya ya Fundi, ile ya mashine kubwa yenye mapipa kumi na mawili, nafasi hiyo ni ya herufi kumi na mbili. Imejazwa sifuri tupu. Uwanja mzima na hakuna aliyejenga!

Nimehesabu MZEE WA MBIO. Pamoja na mapengo ya maneno, ni kumi na mbili kamili. Siwezi kuamini kwamba hii ni bahati tu.

Nimeshaliweka jina langu humo. Kuna maelezo marefu ya Mwalimu hapo juu kuhusu kwa nini lazima ziwe sifuri, kurasa mbili hivi. Sikuyasoma, maana dirisha la kompyuta lilikuwa dogo na ningelazimika kushuka chini.

Mwalimu sijamwambia. Kiongozi ana mambo mengi, si vizuri kumsumbua.