Hasi Kwanza, Chanya Baadaye

Jumanne, 4 Oktoba 1983

Bubu amekufa. Nimemuua mimi, lakini hilo linabaki humu daftarini.

Bubu ni kigari cha betri cha shamba letu la kahawa. Mzungu wa zamani alimleta wa kumzungushia mama yake mashambani, kisha akaondoka akatuachia. Hanywi petroli, na siku hizi petroli yenyewe iko wapi? Hana moshi, hana mlio, ndiyo maana ya jina. Anashiba umeme wa mashine ya kumenyea kahawa.

Meneja Patrisi alipokwenda Arusha aliniachia ufunguo mimi, mtunza nyumba ya wageni. Akasema futa vumbi tu, Bibi Hyasinta, usiendeshe. Nikafuta. Jumapili nikapakia akina mama watano wa kwaya tukapanda kilima kwenda kanisani, ili Marsela atuone. Marsela ni nyapara wa wachagua kahawa, na anatembea kwa miguu.

Alituona! Katikati ya kilima Bubu akatoa harufu kama kwato zinazoungua, akasimama. Marsela akatupita. Akauliza kama tumeshuka kuchuma maua. Tulimsukuma Bubu hadi bandani, kwaya nzima, na majoho yetu.

Meneja anarudi Jumamosi ya tarehe 15 na mkubwa wake, mzee mwenye mguu mbovu, atakayezungushwa shambani na Bubu. Bubu asipotembea, nitatembea mimi, godoro kichwani. Nyumba ninayokaa ni ya shamba. Marsela ameshalipima dirisha langu kwa macho. Anajua pazia lake linatosha.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimejaribu mwenyewe. Zamani ukikanyaga pedali Bubu anasema "tak" huko nyuma, ndipo anaondoka. Leo nimekanyaga mara arobaini. Kimya! Nimempiga kofi. Nimemtukania mama yake. Kimya.

Chini ya kiti kuna betri sita. Nyuma, ukifungua kifuniko, kuna nyaya kama utumbo wa mbuzi, na kikopo cheusi chenye nati mbili kubwa na mbili ndogo. Nikazipaka samli. Magoti yangu hupona kwa samli. Bubu hakupona, sasa ananuka kama jiko la harusi.



Ijumaa, 7 Oktoba

Mnada Karatu. Nimemtuma jirani yangu Eunike apite kwa fundi Sylvesta amweleze dalili, kwa siri. Mimi siwezi kubanduka. Nikitoka tu, Marsela atachungulia bandani.

Eunike amerudi saa kumi. Fundi atakuja Alhamisi akipata lifti, lakini ametanguliza maagizo na Eunike ameyakariri njia nzima: hasi kwanza, chanya baadaye, Bibi asiguse kitu kabla ya hasi, akigeuza atakiona.

Nikamwambia ni chanja, siyo chanya. Akasema fundi alitamka chanya. Nikamwambia mimi nina cheti cha kisomo cha watu wazima, wewe una nini? Ulimi wake mzito tangu utoto.

Nimekaa kizingitini nikafikiri. Hasi kwanza, chanja baadaye. Huyu fundi ana akili! Betri zimeshindwa, basi kigari kivutwe na ng'ombe. Na fahali hafungwi gari, akiona mtamba anaondoka na gari lenyewe. Sharti ahasiwe, achanjwe, ndipo afungwe nira. Kila kitu kwa mpango.

Fahali ninaye mmoja. Kamanda.

Jumamosi, 8 Oktoba

Watu wanaleta majike wao kwa Kamanda kutoka Oldeani yote. Kila ndama mwenye baka jeupe usoni ni wake. Lakini ndama hawanipi mahali pa kulala.

Nimemwita Saning'o, Mmasai anayehasi ng'ombe za watu. Amekuja na koleo lake. Akamzunguka Kamanda mara mbili, akaniuliza, Koko, yaani bibi kwa Kimasai, huyu? Nikasema huyu. Akasema kwao wanahasi wabovu, wazuri wanaachwa. Nikamwambia afanye kazi yake, mambo ya umeme hayajui. Akauliza umeme umeingiaje hapo. Nikamwambia ashike koleo!

Kamanda aliniangalia mimi, hakumwangalia Saning'o.

Marsela alikuwa anapita, kama kawaida yake. Akauliza fahali amenikosea nini. Nikamwambia ni ufundi, hataelewa.

Jumatatu, 10 Oktoba

Bwana mifugo amechanja. Aliuliza tunakinga ugonjwa gani. Nikamwambia andika gari. Akaandika kimeta.

Kamanda amelala chini. Amevimba. Majani hataki. Saning'o anasema nira asahau, labda mwezi, labda miwili. Miwili! Mgeni anakuja Jumamosi! Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema aliambiwa mambo ya umeme hayajui.

Nimeanza kukunja nguo. Nimezikunjua. Nimezikunja tena.

Alhamisi, 13 Oktoba

Sylvesta amefika, na mkoba wake. Swali la kwanza: Shikamoo Bibi, hasi umeshatoa? Nikasema tangu Jumamosi. Akafungua kiti, akasema mbona hasi ipo hapa hapa. Nikamwambia hapa wapi, twende zizini.

Akaja zizini. Akamwona Kamanda. Nikamweleza.

Aliketi juu ya ndoo. Alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Kumbe hasi ni waya wa upande mmoja wa betri, unaufungua kwanza usije ukapigwa shoti. Chanya ni wa upande wa pili. Nikamwambia kama alimaanisha waya angesema waya! Anaharibu Kiswahili halafu anacheka! Akaomba radhi, kwangu na kwa Kamanda.

Akafuta samli yote. Akarudisha nyaya, akapima kwa kitaa chake, taa ndogo ya kuonyesha umeme unafika wapi. Betri nzima. Ufunguo mzima. Akaniambia nikanyage pedali, kitaa kikawaka kwenye nati ndogo za kile kikopo. Basi umeme unafika, lakini hakuna "tak". Akasema kikopo kinaitwa solonoidi: umeme mdogo ukiingia, ndani kuna koili inavuta chuma, chuma kinaunganisha nati mbili kubwa, gari linakwenda. Koili imeungua. Akauliza nilipakia nini. Nikasema vumbi.

Mpya ipo Arusha. Ataileta Jumatano ijayo. Jumatano! Nikamwambia Jumatano nitakuwa nimeshalala barabarani.

Ili nijue mota haina kosa, akalaza spana juu ya nati mbili kubwa. Cheche! Bubu akaruka hatua nzima, karibu amkanyage. Sylvesta akaichomoa spana, akaniapisha nisijaribu kamwe. Akasema mengi zaidi, kuhusu breki na vifo. Sikuyashika yote.

Nilichoshika: Bubu ametembea.

Jumamosi, 15 Oktoba

Meneja na mgeni walifika saa tatu. Nilikuwa tayari, kilemba kipya. Mgeni akaketi, gongo lake mapajani. Meneja akashika usukani. Nikawaambia siku hizi Bubu anawashwa kwa nyuma.

Spana sina. Nikalaza upawa wa chuma wa jikoni.

Cheche, moshi, na Bubu akaondoka! Nikavuta upawa. Umegandamana na nati! Umeyeyuka ukashika! Nilikimbia nao hatua nne, mkono ukateleza, wakaenda. Meneja anapiga kelele Bibi zima, Bibi zima! Bubu akateremka, akapita katikati ya meza za kuanikia, kahawa ya Marsela ya wiki nzima ikaruka juu kama kuku, akaingia kwenye lundo la maganda ya kahawa akazama. Upawa ukachomoka hapo.

Hakuna aliyeumia. Mgeni alikuwa ndani ya maganda mpaka kifuani. Meneja aliokota upawa, akasoma alama ya shamba kwenye mpini, akaniambia tutaonana kesho.

Nguo nimezikunja. Safari hii sijazikunjua.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimeitwa baada ya misa. Meneja alikuwa ameshaandika barua ya kunitoa, niliiona mezani. Marsela amesimama mlangoni, pazia mkononi. Pazia!

Mgeni ndiye aliyesema. Alisema tangu mguu uharibike hajakwenda mbio namna ile, na bibi aliyemhasi fahali wake kwa ajili ya mali ya shamba hafukuzwi. Kumbe Sylvesta amesimulia Karatu nzima! Meneja akachana barua. Nyumba nabaki nayo. Ila nisiguse tena chochote chenye waya, na ufunguo wa Bubu apewe Marsela.

Amepita dirishani kwangu mara tatu, ufunguo shingoni kama msalaba.

Apite. Ufunguo ni wa wanaowasha kwa mbele. Kosa la jana nimelichunguza kwa makini nimeliona: upawa ulikuwa na mpini mfupi. Eunike ameniazima mrefu. Kwaya nimewaambia wajipange nyuma ya banda saa nane.