Babu wa Kununua

Wewe uliona. Usijifanye ulikuwa unafunga kamba za viatu. Walipozungushia seng'enge kiwanja cha mpira, ulitazama juu kana kwamba unangoja mvua. Walipogeuza bustani ya watoto kuwa gereji ulisema, "Hayanihusu, wangu wameshakua." Basi leo kaa usikie jinsi kisima cha mtaa, unachonywea wewe, kilivyokaribia kuwa cha mtu mmoja.

Mjanja mwenyewe aliitwa Mafuta. Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na watu waliojaribu kumshika. Duka hakuwa nalo, ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na ulimi, na shati jeupe alilopigiwa pasi na mama yake, fundi cherehani, ambaye alimlisha mpaka ndevu zikaanza kuota mvi, akingoja siku mwanawe atakapopata kazi ya kueleweka.

Asubuhi moja Mafuta alisimama kwa muuza fremu kuukuu. Mama yule alikuwa akichomoa picha za zamani na kuzitupa chini kama maganda.

"Dada, hao si watu?"

"Mimi nauza fremu, kaka. Waliomo ndani si wangu."

Mafuta akaokota picha moja. Mzee wa koti refu, fimbo mkononi, kidevu juu kama mtu anayedai mtaa mzima. Nyuma yake kilisimama kinu cha upepo: mnara wa mviringo wenye mapanga manne, na juu ya panga moja, ndege mdogo mweusi. Mzee ni nani? Kinu ni cha wapi? Mafuta hakujua, na hapo ndipo mate yalipomjaa. Kitu kisicho na jina hukubali jina lolote.

Akakumbuka duara la mawe ya kale pale uwanjani penye kisima. Hakuna aliyejua lilikuwa la nini. Wanawake waliegesha ndoo zao juu yake. Akamkumbuka pia tajiri wa mabati, aliyeumezea mate uwanja ule miaka nenda miaka rudi, ila ofisi ya ardhi ilikuwa ikimwambia: leta ushahidi kwamba wazee wako waliwahi kujenga pale.

Mafuta hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani kwa tajiri.

"Tajiri, babu yako alikuwa mrefu?"

"Sikuwahi kumwona. Kwani vipi?"

"Basi yeye anakutafuta wewe." Akaiweka picha juu ya kaunta, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Tajiri akaikodolea macho. "Mbona hatufanani?"

"Pesa hubadilisha sura, tajiri. Wewe tazama kidevu."

Tajiri akajishika kidevu. Akakipenda.

"Na hili lidude la nyuma?"

"Kinu cha upepo. Babu yako aliusagia mtaa mzima nafaka. Msingi wake ndio yale mawe ya kisimani."

"Lakini pale upepo hauvumi hata wa kukausha shati."

"Ulikuwa unavuma. Babu alipofariki ukaona haya kubaki."

Mtu mwenye akili angecheka. Mwenye tamaa hana nafasi ya kucheka, mdomo umejaa. Tajiri akamwahidi Mafuta chumba cha duka katika majengo atakayoyajenga uwanjani, pembeni kabisa, pale ambapo kisima kingefukiwa.

Afisa ardhi naye, msomi wa miwani, aliyapima mawe kwa futi kamba, akakipima kinu pichani kwa rula, akatangaza: "Vinalingana!" Vitaachaje kulingana, na mpimaji ametoka kula kwa tajiri? Akaandika na kugonga muhuri: picha ya familia mbele ya kinu hiki ni ushahidi halali kwamba familia hiyo ilijenga uwanjani. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, nakala ikabandikwa ubaoni ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mafuta mwenyewe ndiye aliyetaka nakala iwe kubwa kama mlango. Uongo ukimnogea mwenyewe, hutamani kuonwa.

Na ukaonwa. Siku ya kikao Mafuta alikuta ukumbi umefurika wanawake wa kisimani, kila mmoja na kitu kifuani kimefunikwa kwa kitambaa. Mbele kabisa alisimama mama yake.

"Mama! Nani kakuita huku?"

"Ubao umeniita, baba. Umesema mwenye wazee wake kinuni aje. Mimi ndiyo huyu."

Akafunua. Bibi harusi, bwana harusi, na nyuma yao kinu kilekile. Ndege yuleyule, juu ya panga lilelile. Jirani akafunua yake: mapacha, kinu, ndege. Mwingine: askari mstaafu, kinu, ndege.

"Ndege gani huyu," akauliza shangazi mmoja, "hatui, haruki, wala hazeeki?"

"Ni doa la wino!" mama Mafuta akasema. "Fundi picha wa zamani alikuwa na pazia moja tu lililochorwa, la kutundika nyuma ya watu. Ukitaka bahari, kinu. Ukitaka milima, kinu. Na huyu hapa," akatoa picha nyingine, "ndiye mwanangu, uchi wa mnyama, kinuni."

Ukumbi ukalipuka. Mafuta, aliyewahi kuteleza mikononi mwa polisi, hakupata pa kutelezea kwa mama yake.

"Ya kwangu ndiyo halisi!" tajiri akafoka.

Afisa ardhi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akikiri kwamba kinu ni pazia, muhuri wake umedanganyika. Kuliko afisa aaibike, bora uongo uendelee. "Ofisi haikosei," akasema. "Kinu kilikuwepo. Basi mlikijenga wote. Kila familia yenye picha iandikwe mwenye uwanja. Daftari linafungwa Ijumaa."

Tajiri akamvuta Mafuta kando. "Picha zote ziwe zangu kabla ya hiyo Ijumaa. La sivyo utanilipa babu yangu."

Mafuta akazunguka nyumba kwa nyumba na fremu mpya za tajiri, zinazong'aa kama meno ya dhahabu. "Mama zangu, chukueni fremu bure! Nipeni tu ile picha iliyochakaa nikaisafishe." Na ajabu, kila mlango ulimpokea. Kila mama alichukua fremu, akaingia ndani, akatoka na bahasha iliyofungwa vizuri, na kumwombea heri. Mama yake alimpa bahasha nono kuliko zote, akampapasa shavu.

Tajiri akazifungua mbele yake. Kalenda za kale. Tangazo la sabuni. Tangazo la dawa ya minyoo. Ndani ya bahasha ya mama Mafuta mlikuwa na lile shati jeupe, halijafuliwa.

Tajiri akamvua viatu kufidia fremu. Na Mafuta, peku juani, akawaona wanawake wakipita kuelekea ofisini, picha zao za kinu zimekaa ndani ya fremu zilezile za tajiri.

Umecheka? Sasa nyamaza. Ijumaa haijafika, familia nyingi bado hazijaandikwa, na tajiri ameshaajiri watu wengine wenye fremu nzuri zaidi. Wameanzia mtaa wa juu, wanateremka kwako. Ile picha ya shangazi yako mbele ya kinu, iliyoning'inia juu ya kabati, usimpe mtu. Panda kiti, iteremshe, mpitie jirani yako kiwete umbebee na yake. Ofisi ipo wazi. Weka hiki unachosoma chini, utoke.