Kichwa Kipya cha Mashine ya Santuri

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Shemeji kaja. Kaka wa mke wangu, yule tunayemwita Meneja ingawa hajawahi kumsimamia hata paka. Kwa ukarimu wangu nikampigia santuri ya marehemu baba mkwe. Hatujui kama kuna nyingine iliyosalia: Mzee angali kijana, anapuliza tarumbeta na bendi yake. Kumbe nimejichimbia kaburi! Mashine yangu ikaanza kukaanga vitunguu. Chwaa, chwaa, halafu tarumbeta kwa mbali, kama mtu anayeomba taulo kutoka bafuni.

Shemeji akainama akaitazama sindano. Akauliza, kwa upole ule unaoudhi, kama hiyo ni sindano au msumari. Akaeleza kwamba sindano iliyochakaa huichimba santuri kama jembe, kwa hiyo kila nikiburudika namlima baba yake. Bora santuri ihamie kwake, kwenye mashine ya maana. Mama mkwe atakuja Jumapili, asikilize huku na huko, aamue mwenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba amesema kweli. Na ana spika nzuri, hasidi yule.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda duka la vyombo vya muziki. Ninachohitaji ni kichwa kipya, kile kidude kinachobeba sindano mwisho wa mkono wa mashine. Kidogo kuliko ncha ya kidole! Wamekiweka kwenye kisanduku cha kioo, juu ya kitambaa cheusi, kama pete ya uchumba. Muuzaji akanitajia bei. Nikamwomba arudie. Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Kichwa kile na mfuko wangu hawasalimiani.

Nikamwambia mke wangu nahitaji kichwa kipya. Akasema amekuwa akiniombea hilo tangu tuoane.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Mimi kazi yangu ni kuunga fremu za miwani kwa daktari wa macho. Na mtaa wa nyuma yupo fundi redio ambaye miwani yake imefungwa kwa waya wa spika. Kwa nini sikuliona hili mapema, mimi ninayeuza kuona?

Fundi anacho kichwa. Alikitoa kwenye mashine ya ukumbi wa dansi uliofungwa. Nimekikagua kwa lenzi ya kazini: sindano nzima, imechongoka, inameta kama jicho la ndege. Kilikuwa cha mashine ya kifahari kile, na sasa kinalala kwenye kopo la misumari! Nikapendekeza tubadilishane, kichwa kwa fremu.

Tatizo, fremu niliyonayo ni ile aliyoniambia daktari niitupe. Ya kike, ya waridi, pembe zake zimeinuka kama masikio ya paka. Nikamtilia lenzi zake mle, nikasubiri matusi. Fundi akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, kushoto, kulia. Akasema sasa anafanana na mtu mwenye akaunti benki. Akatoka akivuka barabara taratibu, ili watu wamwone vizuri. Mtu wa namna hii unamheshimu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekifunga. Mikono yangu imezoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, nikajiambia hii ni kazi ya kitoto. Nikapiga chafya. Skrubu ikaenda zake. Nimepapasa zulia nimepiga magoti mpaka mke wangu akauliza nimeanza kusali lini. Mwisho nikatia skrubu ya miwani. Imeingia sawasawa! Ama kweli nina kipaji.

Mkono wa mashine nao una uzito wake. Ukiwa mwepesi, sindano inateleza kama mbuzi kwenye tope. Ukizidi, inalima. Jirani yetu sonara kaniazima mzani wake wa dhahabu baada ya kuniapisha kwa majina ya wazazi wangu wote wawili. Nikapima, nikajaribu kwanza na santuri ya mke wangu ya mazoezi ya viungo. Mikwaruzo imekwisha! Lakini sauti… sijui niseme nini. Kila kitu kimo na hakuna kitu. Besi imehama nyumba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegeuza spika. Nimehamisha kabati. Nimelaumu pazia. Kazi bure.

Mke wangu akarudi kutoka zamu. Yeye ni mkunga, siku nzima sikio lake liko matumboni mwa watu, akisikiliza mioyo ambayo hata wenyewe hawajui kama wanayo. Akasimama mlangoni, viatu mkononi, akainamisha kichwa. Akauliza anayeimba yuko wapi, maana sauti imetapakaa ukutani na katikati hakuna mtu. Kisha akasema, kama anavyosema kazini:

“Amekaa vibaya huyu. Mgeuze.”

Nikafungua. Kweli! Waya mbili za upande mmoja nimezipishanisha, spika moja inavuta wakati nyingine inasukuma. Nikazigeuza. Besi ikarudi nyumbani, mwimbaji akasimama katikati ya sebule akituamuru tunyooshe mikono. Mke wangu akanyoosha. Nikabaki kumwangalia. Nimeoa mashine ya kupimia na sikujua.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa pili, wa siri. Nikaenda kwa shemeji nikijifanya nataka kumsafishia sindano. Nia yangu: kulegeza kitu kimoja tu, kidogo, kisichojulikana.

Shemeji akanipokea kwa chai. Akaniwekea santuri. Jamani! Sauti pana kama uwanja wa mpira. Lakini masikio yangu ya siku hizi yakaona kasoro: meza imeinama, sindano inaegemea upande mmoja. Nikajikuta nimepiga magoti, nakunja kadibodi, naitia chini ya mguu wa meza. Sauti ikapanda daraja! Shemeji akanikumbatia mpaka chai ikamwagika.

Nilikumbuka kuhujumu nikiwa nimeshafika nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kasikiliza kwa mwanawe kwanza. Tarumbeta ikatikisa vikombe kabatini. Mama akatikisa kichwa kwa heshima, akasema vizuri sana, mwanangu. Nikaona nimekwisha, na muuaji wangu ni kadibodi yangu mwenyewe.

Tukaja kwangu. Spika zangu ndogo, sebule yangu ndogo, tumebanana magoti kwa magoti. Nikashusha sindano. Kimya. Hakuna vitunguu. Ghafla Mama akainua kidole.

“Nyamazeni. Anavuta pumzi.”

Na kweli. Kabla ya noti ya kwanza, mtu anavuta pumzi. Miaka yote hii nilikuwa naifunika kwa kelele. Mke wangu akaushika mkono wangu. Mama akafumba macho mpaka wimbo ulipokwisha, akaomba urudiwe. Akasema kule kwa mwanawe Mzee anapigia umati. Hapa yumo chumbani, amekaa kitandani, anajaribu wimbo kabla hajavaa shati.

Shemeji alikuwa anafuta macho. Akasema ameshindwa. Akaulizia kichwa hicho kinatoka nchi gani. Nikamwambia kinatoka kwenye kopo. Ananiheshimu sasa, naona.

Halafu Mama akatoa hukumu. Santuri haikai kwangu wala kwa mwanawe. Itakaa kwake, yeye ndiye mjane. Na kwa kuwa santuri bila mashine ni sahani tu, atachukua na mashine. Hii yangu. Ndiyo inayotosha kando ya kitanda.

Nani angemkatalia? Nikaifunga mwenyewe kwenye blanketi. Shemeji akashika upande huu, mimi ule, tukaishusha ngazi kama tunambeba bibi harusi. Alichagua yangu! Yangu! Nilipiga mluzi kurudi mpaka nikaiona ile meza tupu.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita kwa fundi redio, kumsalimia tu. Kumbe amepata kichwa kingine. Bora kuliko kile! Sindano yake ni nyembamba mno, hata chini ya lenzi unaihisi zaidi ya kuiona. Vitu kama hivi havikungoji. Nikatoa koti langu la harusi, tukapeana mikono.

Mke wangu alikitazama kile kichwa, akaitazama meza tupu, akanitazama mimi. Akasema kwa utaratibu kwamba nimeshakata mbeleko na mimba haijatungwa.

Nikamjibu kwamba yeye ndiye mkunga, anajua zaidi yangu: siku zote kichwa ndicho kinachotangulia.