Nairobi ya Mjomba Abdalla Haionekani

Kwa Mzee Kiarie,
Uthiru, Nairobi.
Februari 2007

Kwa Mheshimiwa Mjomba Abdalla Mbaruku,
Ngamiani, Tanga.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NAIROBI ULIYONIPA

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula, naswali, na wiki hii ya tatu bado sijamezwa na mtu. Naomba uvae miwani, ukae vizuri, na bibi akuletee maji, kwa sababu barua hii salamu zake ziko mwishoni. Huku mwanzo ni mashtaka.

Ukoo mzima unajua kwamba katika sisi sote ni wewe peke yako uliyekaa Nairobi, miaka miwili, zama hizo za sabini na mbili. Kwa ajili hiyo nyumbani kwetu neno lako ndilo la mwisho. Na sasa nasikia umeitisha kikao cha ukoo mwisho wa mwezi, ili uamue nirudishwe Tanga, eti Nairobi unaijua wewe na si mji wa kuachiwa mtoto. Mimi nimekuja huku kusomea upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Mtu akinielekeza vibaya haniumizi miguu tu, ananivunjia taaluma. Kwa hiyo nimeona nikuandikie kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa.

1. Kuhusu koti. Uliapa kwamba Nairobi maji huganda ndooni, ukanivisha koti lako zito la sufu mbele ya watu mpaka bibi akalia. Mjomba, hapa jua linachoma. Siku ya kwanza nilikwenda kuiona Westlands nimelivaa kwa heshima yako, wenzangu wote wamevaa mikono mifupi. Kila duka kubwa lina askari mlangoni, na kila askari akiliona lile koti ananiweka kando, ananipapasa mara mbili, ananiuliza nimeficha nini. Mmoja nilimjibu kwamba nimeficha jasho. Hakucheka.

2. Kuhusu chui. Ulisema Uthiru ni msitu, na chui hupita madirishani, ukanipa filimbi. Uthiru niliyoikuta mimi ina maghorofa, vinyozi, makanisa matatu kwa mtaa mmoja, na barabara ya Waiyaki inanguruma kutwa. Lakini mimi mtoto mtiifu. Alfajiri moja najiandaa kuswali, nikasikia kitu kinahema dirishani, nikaipuliza ile filimbi kwa nguvu zote nilizotoka nazo Tanga. Hukuniambia kwamba hapa filimbi ni ya kuwaita watu mwizi akiingia. Ploti nzima ilitoka, huyu na panga, yule na jembe, na mchungaji wa kanisa la jirani ameshika sufuria. Kumbe ni ng'ombe wa Mzee Kiarie, mwenye nyumba wangu. Mkewe, Mama Kui, alinifunika leso, akanipa chai ya maziwa ya huyohuyo ng'ombe, akaniambia nisijali, hata yeye alipoolewa hapa aliwahi kukimbia ng'ombe wa hapa. Ila mtaani sasa jina langu ni Filimbi. Watoto wa shule wananiamkia hivyo.

3. Kuhusu Makau. Uliniagiza nikifika katikati ya mji nimtafute Makau muuza njugu, penye duka la Mhindi lenye mlango wa kijani, kwamba nikilitaja jina lako tu nitavutiwa kiti. Mlango wa kijani haupo. Nikamuuliza mtu, naye badala ya kusema hajui akaenda kumwita Makau. Mji huu haukosi Makau, Mjomba. Akaja kijana wa miaka ishirini hivi, anauza kava za simu, akaapa kwamba anakukumbuka sana, kwamba ulikuwa mtu wa watu, na akauliza mguu wako unaendeleaje. Mguu wako una nini? Niliondoka pale nina kava ya simu, na simu sina. Kui, binti wa hapa nyumbani, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza, "Kwani huyo anko yako alikuwa anaongea juu ya Nairobi gani?"

4. Kuhusu makazi yako. Tangu nikiwa mdogo nimesikia habari za nyumba yako ya Spring Valley, chemchemi iko langoni, majirani wanakuamkia kwa jina asubuhi na jioni. Nikasema niende nikaione, nikuchoree hata ramani yake. Spring Valley ni kuta, Mjomba. Kuta, mageti, mbwa, na maua yaliyokatwa yakanyooka. Hakuna mtu wa kumwamkia mtu. Nilitembea weee mpaka nikampata mlinzi mmoja, jina lake Muli, mwenye adabu zake. Nikamweleza. Akafikiri, akaniuliza kama mjomba alikuwa balozi au alikuwa wa kumwagilia maua. Nikalinda heshima ya ukoo, nikasema balozi. Akanitazama, akalitazama na koti, akanionyesha njia ya kurudi stendi.

5. Kwa hiyo, kwa heshima zote ulizonifundisha mwenyewe, nimeyapanga haya kama tunavyopanga vipimo darasani. Baridi haipo. Chui hayupo. Makau wako hayupo. Nyumba haipo. Kipimo kimoja kikikosea unalaumu kifaa, lakini vikikosea vyote unamtazama mpimaji. Kuna methali inayohusu urefu wa njia ya mtu wa aina fulani, nayo siimalizi kwa adabu. Nasema tu kwamba mimi Rumaisa, mtoto wa dada yako, nimefikia uamuzi kuwa wewe hujapata kukanyaga Nairobi hata siku moja.

6. Na kama hujapata kuikanyaga, basi jamani, tumeonewa miaka mingi! Pilau ya Idd tunaila kwa uma kwa sababu ya Nairobi. Harusi ya kaka Haruni ngoma ilizimwa saa nne, watu hawajatoka hata jasho, kwa sababu Nairobi ndivyo wanavyofanya. Bibi, mama yako mzazi, hanywi kahawa jioni. Na marehemu baba yangu alikuwa na maoni mazuri tele ambayo hakuna aliyeyasikiliza, kwa kuwa yeye alikuwa amefika Korogwe tu. Hili la baba linaniuma mpaka leo, na nalisema wazi.

Kwa hayo naomba yafuatayo. Uma zirudi kabatini. Bibi apewe kahawa yake. Hukumu zote zilizotolewa kwa kisingizio cha Nairobi zifutwe mbele ya watu walewale waliozisikia. Na ile ya kunirudisha mimi iwe ya kwanza kufutwa, kabla ya uma.

Mjomba, mzaha niweke pembeni kidogo. Juzi mwalimu alitupandisha kilimani na kile kifaa cha kupimia, nikaweka jicho, na vilima vya Ngong vikaja karibu kabisa, nikaona hata mti mmojammoja. Nikaambiwa niandike vilipo, nikaandika, ikawa sawasawa. Katika maisha yangu sijawahi kusema jambo kuhusu mahali likawa sawa na mtu asinikatize. Nataka kusoma. Ukinirudisha nitarudi, maana sina wa kunitetea kikaoni, lakini sitakusamehe upesi.

Nisalimie bibi, umbusu mikono. Msalimie mkeo na watoto, mama yangu mwambie nakula vizuri asikonde, kaka Haruni na mkewe, mzee wa mkaa, na wote wanaokaa kibarazani kwako kusikiliza habari za Nairobi, uwaambie nakuja na mpya.

Mimi niliye mtiifu kwako kwa yote isipokuwa hili moja,

Rumaisa.

Tanbihi: Mjomba, nilikuwa nimekwisha kuikunja. Nimeingia mjini kununua bahasha, karibu na Msikiti wa Jamia, kwenye duka la mama mmoja wa Kimombasa anayeuza buibui na udi, Bi Khamisa. Aliponisikia nasema tu akajua mimi wa Tanga, akaniuliza mtoto wa nani. Nikamwambia. Akaketi chini. Kumbe ulipanga ghorofani, juu ya duka hilohilo, kwa mama yake, na yeye wakati huo alikuwa msichana wa kuletwa na kupelekwa chuoni kusoma Kurani. Umekaa Nairobi, Mjomba. Naifuta namba tano, na namba sita naifuta nusu.

Ila Bi Khamisa anasema hukumaliza wiki mbili. Hiyo miaka iliyobaki sijui uliimalizia wapi, na sikuuliza. Anasema ikifika magharibi unakaa ngazini unamtaka mama yako. "Alilia mpaka mama yangu naye akaanza kulia," aliniambia, "na yeye alikuwa kwao."

Nilitoka dukani sina hamu ya kukucheka. Mimi pia nimelia, Mjomba, usiku wa kwanza na wa pili na huo wa tatu, nimeuma mto ili Mama Kui asinisikie. Kumbe hukuwa unanitisha bure. Ulikuwa unaniambia jambo ulilolijua.

Lakini hesabu ni hesabu. Wiki ya tatu hii ninayo mkononi, kwa hiyo katika ukoo wetu wote aliyekaa Nairobi siku nyingi kuliko wengine ni mimi, na kwa sheria uliyoitunga wewe, neno la mwisho ni langu. Nabaki.

Karatasi hii yenye habari za Bi Khamisa ichane kabla hujawasomea watu barua, na ukipenda chana na hizo namba zote. Bibi hatasikia kitu kutoka kwangu. Wakikuuliza kikaoni, waambie nimekuandikia kwamba Nairobi iko vilevile ulivyoiacha.