Kipimo cha Klabu na Mlio wa Jumapili

Jumatatu, 4 Novemba
Daktari anasema moyo wangu huenda usivuke majira ya baridi. Nimeandika mapema tangazo langu la kifo, la kubandikwa mlangoni kama desturi yetu: "Spas Genchev, mwanaredio. Mawimbi yake yalikuwa safi." Uongo! Redio yangu ya kurushia inavujisha mawimbi. Mlio unaoharibu mazungumzo ya hewani ya klabu yetu ya redio kila Jumapili, mwaka wa ishirini na tano sasa, ni wangu. Nilimsingizia Ognyan wa ghorofa ya juu. Akaifungia redio yake kabatini. Mlio ulipoendelea, nikasema anarusha kwa siri. Na sasa klabu inanunua kipimo cha kukagua redio zetu!

Jumanne, 5 Novemba
Kikao. Raina, mhandisi mstaafu, anataka kipimo kinachoonyesha mawimbi yanayovuja. Kitanianika! Nikasema hayo ni madoido, sisi wenye mfuko mwembamba kipimo cha antena kinatutosha. Muhimu ni kasha gumu, vitufe vikubwa na taa ya kijani. Raina akauliza kama tunanunua kipimo au jokofu. Kicheko. Nikagawa banitsa ya moto, mkate wa jibini. Kura saba kwa mbili. Ushindi!

Alhamisi, 7 Novemba
Balaa. Kipimo changu ni cha bei ya chini mno, fedha zikabaki. Raina amenunua na kile alichokitaka! Akanishukuru, akiniita bai kama waitwavyo wazee: bila ubahili wako, bai Spas, tusingekipata. Kwa heshima ya mvi zangu, Jumamosi wataanza kupima na redio yangu.

Ijumaa, 8 Novemba
Ngazi kumi na nane, nikapumzika mara nne. Heri Ognyan asikie kwangu mwenyewe. Nikakiri yote. Akamimina rakia, pombe kali ya matunda. Akasema anajua tangu wiki ya kwanza: alizima redio yake, mlio ukaendelea. Akauliza: mzee mzima wewe, ulidhani mimi kiziwi? Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema wakati ule ndiyo kwanza nilikuwa nimemzika mke wangu Stanka. Wangenifutia kibali cha redio, ningebaki kuzungumza na nani?
Nililia mpaka kikombe kikajaa tena.

Jumamosi, 9 Novemba
Kipimo kilinivua nguo mbele ya wote. Nikakiri. Raina akasema aibu, bai Spas, na mvi zote hizo! Kisha akanifungia vifungo vya koti. Ognyan ameniundia chujio la kuzuia uvujaji, ndani ya kopo la nyanya. Sasa tangazo langu ni la kweli. Naweza kufa.

Jumapili, 10 Novemba
Ognyan amerudi hewani! Shangwe, salamu, vicheko. Mimi hakuna aliyeniuliza hata hali. Raina akadai sauti yangu imekuwa hafifu. Hafifu! Mtu anayekufa ana haki ya kusikika. Nikachomoa chujio, kwa dakika chache tu.
Mlio ukarudi. Raina akauliza, kwa ukali, unatoka wapi.
Nikawakumbusha, kwa upole, kwamba ni leo tu Ognyan amewasha redio yake.