Picha ya Kaka Asiyetulia

Jumatatu, 3 Machi
Naomba radhi, shajara yangu, kwa kukutupa kabatini miezi saba. Sikuwa na jambo la kuandika. Sasa ninalo. Kaka yangu amelazwa, kitanda cha kumi na moja, karibu na dirisha, na daktari amemwambia shemeji ajiandae. Familia imekaa. Imekubaliana itafutwe picha moja nzuri ya kaka, ya kuwekwa mbele ya jeneza na baadaye ukutani.

Nimepekua studio yangu nzima. Nimempiga picha kaka kwa miaka arobaini na hakuna hata moja inayofaa. Ya harusi, anacheka. Ya kitambulisho ilirudishwa mara mbili kwa kucheka. Ya kustaafu, kichwa ni ukungu mtupu, maana alicheka kwa mabega. Picha ya mtu ina kanuni: mgongo wima, mikono mapajani, mwanga kutoka kushoto, mdomo umefungwa. Nitampiga mimi. Safari hii hana nguvu za kucheka.

Jumanne, 4 Machi
Binti wa kaka naye anataka kupiga. Nilimfundisha kazi mwenyewe, miaka mitatu, akaniacha akaenda kupiga watu wasiojiandaa: wanamenya vitunguu, wanafunga kamba za viatu. Yeye huiita picha ya maisha. Mimi naiita kuvizia. Ameniambia, "Baba mdogo, mwache baba apumzike, hawezi kukaa wima." Nimemjibu kwamba mito ipo. Akasema watu wa ukutani kwangu wote wanaonekana kama wanasubiri kung'olewa jino. Shemeji alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Halii.

Keshokutwa nitamtangulia binti hospitalini.

Alhamisi, 6 Machi
Nilifika na koti jeusi la studio, tai, taa na pazia la kijivu. Mlinzi aliuliza kama ninahamia. Nikampita.

Nilimvisha kaka koti juu ya shati la hospitali. Lilimpwaya, nikalibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Vinne. Mwaka jana koti hilohilo halikufunga vifungo. Siandiki haya kwa kusikitika. Ni vipimo tu.

Nikatundika pazia kwenye chuma cha dripu. Nesi akauliza nimepewa ruhusa na nani. Nikiwa namjibu nilirudi nyuma hatua mbili kupima umbali, nikanasa kwenye waya, nikaanguka na pazia likanifunika gubigubi, mguu mmoja ndani ya ndoo ya kupigia deki. Kaka akacheka. Alicheka hadi akakohoa, alikohoa hadi nesi akamwekea oksijeni. Nilipojitoa ndani ya pazia, binti yake alikuwa amesimama mlangoni na kamera. Nesi alichukua taa yangu.

Kabla sijatolewa nje kaka alinishika mkono. "Mdogo wangu, tangu utotoni unaniambia nitulie. Njoo kesho. Nitatulia."

Nilimshukuru.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeipata. Niliingia mchana, shemeji akiwa ametoka kununua maji. Taa sikuihitaji: mwanga wa dirisha ulitosha, tena ulitoka kushoto. Kaka alikuwa ameegemea mito, macho nusu wazi, mdomo umefungwa, kidevu mahali pake. Nikamwambia asitikisike. Hakutikisika. Nikapiga sita, bila haraka. Nikamsifu. Nikamwambia hiyo ndiyo picha niliyoingojea miaka arobaini. Hakujibu, nikasema moyoni kwamba hatimaye ametii.

Nikasogea kumnyoosha kola. Shingo ilikuwa ya baridi.

Nilikaa naye kidogo, ndipo nikamwita nesi.

Jumapili, 9 Machi
Tumemzika. Picha yangu nilimwonyesha shemeji peke yake. Aliitazama, akairudisha kwenye bahasha, akasema, "Shemeji, hii usimwonyeshe mtu mwingine." Ni safi. Haina kosa hata moja.

Iliyosimama mbele ya jeneza ilikuwa ya binti. Kaka amepanua kinywa, macho yamepotea, mapengo mawili yanaonekana, kibanio kimoja kinachungulia begani. Pembeni, chini, kuna mguu ndani ya ndoo. Watu walikuja kuaga wakilia, wakifika kwenye picha wanatabasamu. Jirani aliniuliza ule mguu ni wa nani. Nilitazama kwingine. Mwanga wenyewe umetoka juu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimetafakari nikaliona kosa. Nilichelewa. Mtu apigwe angali na mgongo.

Dada yetu mkubwa ameanza kukohoa. Asubuhi nimempelekea kiti cha studio, nikampima kimo akiwa anakunywa chai. Ameniambia nimwondolee mkosi sebuleni, ana mafua tu. Nilipomweleza habari za kanuni alitazama picha ya kaka waliyokwisha kuitundika ukutani. Kisha akasema huenda akakubali, ila nije na ile ndoo.

Nimemweleza kwamba ndoo si kifaa cha studio. Amesema basi atafikiri. Akishaamua, nitaandika.