Mawe Yetu ya Kliniki ya Selimundu

...basi Mheshimiwa mgeni rasmi akafuta jasho, akashika maiki, na mimi nitakusimulia kama alivyosema, Zipora, wewe andika tu, maana siku ile ulikuwa Nkome kwenye dagaa zako. Kharumwa nzima tulijaa uwanjani, mimi mbele kabisa na mjukuu wangu Mariana mapajani, kwa sababu ana selimundu huyu mtoto, na kliniki aliyokuja kuizindua ndiyo ingetupunguzia kwenda Geita kila mwezi. Akaanza:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Madiwani, Wakuu wa Idara na Vitengo, Makaimu Wakuu wa Idara na Vitengo, viongozi wa dini, wazee maarufu, wazee wasio maarufu (mzee Mayala akanyoosha mkono, tukacheka), mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa!

"Nimesimama hapa kwa unyenyekevu ambao hakuna kiongozi mwingine anao (makofi, vijana walishapewa soda), kuwafahamisha, katika muktadha wa mkakati shirikishi na endelevu, kwamba chembe nyekundu ya damu, ikiwa bado changa ndani ya uboho wa mfupa, ni kiwanda, ndugu zangu, kiwanda cha protini iitwayo globini, na kiwanda hicho kina menejimenti! Mtoto akiwa tumboni, menejimenti inawasha globini ya tumboni. Akishazaliwa, hiyo inazimwa taratibu, inawashwa ya ukubwani. Na kwa mwenye selimundu hiyo ya ukubwani ndiyo yenye kasoro, chembe inajikunja kama mundu, ndipo maumivu. Na dawa tutakayogawa hapa inaiamsha ile ya tumboni iliyolala!"

(Hapo hakudanganya. Nesi wa Geita alinieleza hivyohivyo, na tangu Mariana aanze hiyo dawa, tunalala. Ila nesi alinieleza nimekaa kwenye kiti, bila spika kupiga mluzi. Spika yenyewe ya Muhidini, huyu muuza magodoro. Haya, turudi.)

"Kwa utafiti wangu binafsi, asilimia mia na kumi ya wananchi wana damu (makofi marefu), na wote hao wananiunga mkono! Niwapongeze akina mama mliobeba mawe ya msingi (vigelegele. Tulibeba, Zipora! Magwangala, haya mawe yanayotupwa na mgodi, ambayo mwenzako angeyasaga akapata kidhahabu cha kununulia chumvi. Tukasema hapana, haya ni ya kliniki. Kiuno changu mpaka leo!), na niwataarifu kwamba wataalamu wamebaini mawe hayo yana dhahabu, hivyo hayafai kwa ujenzi, na kwa kujali afya zenu tumeyapeleka kwenye mashine ya karasha, ambako yamesagwa kwa kuzingatia taratibu zote!"

Mama Agnetha akapaza sauti: "Sasa msingi uko wapi, baba?"

"Swali zuri sana, mama yangu, na jibu lake ni la kisayansi! Chembe nyekundu ikikosa madini ya chuma inafanyaje? Inasimamisha uzalishaji! Haipiki globini ovyo wakati chuma hakipo! Nasi kama serikali sikivu tumejifunza kwa chembe: nondo hazikuja, na nondo ni chuma, kwa hiyo tukasimamisha. Kliniki ninayoizindua leo imefikia hatua ya awali ya kutokuwepo, ambayo imekamilika kwa asilimia mia moja!

"Damu moja! (Moja!) Uboho oyee! (Oyee, ya watu watatu.) Nawashukuru kwa namna mlivyoitunza kliniki yenu, bati halivuji, ukuta hauna ufa, kwa kuwa hatujawahi kuijenga. Asanteni sana!"

Akakata utepe. Utepe ulikuwa umefungwa kwenye miti miwili, Zipora, nyuma yake nyasi na mbuzi wa watu. Mariana akapita katikati, akazunguka, akarudi: "Bibi, mlango wa daktari uko wapi?"

Ng'wanawane, mwanangu, nilisimama na hiki kiuno. Nikamwambia, "Shikamoo, Mheshimiwa. Hiyo chembe ikikosa chuma inanyamaza. Sasa wewe uliyekosa nondo mbona..."

"Bibi! Gari la Geita linapiga honi! Na Mariana ameanza kulalamika miguu inamuuma!"

Huyo Loveness, mama yake Mariana, ananiita kutoka barabarani. Naja, mama, naja! Mfunge khanga, asipigwe na baridi! Zipora, acha kuandika hapohapo, nipe hiyo chupa ya maji, mtoto asikae na kiu njiani.